Mhudumu wa Yoti Kutoka Kimilili

Nyinyi vijana mkija kunitembelea hapa Kitale, nawaona mnavyokiangalia kiti changu. Mnadhani mtu akishastaafu anakaa. Mimi sikai. Nitawawekea chai, nitainuka kuangalia jiko, nitarudi, halafu nitainuka tena kufuta kioo cha dirisha ambacho hakina hata doa. Binti yangu Nelima husema nina siafu miguuni. Mnivumilie tu. Swali lenu nalijua kabla hamjalimeza andazi la kwanza: "Auntie, ulifikaje kwa hizo meli za matajiri, na sisi tutafikaje?"

Kwanza, zile si meli. Zinaitwa yoti. Ni boti ya starehe ya mtu mmoja, ndefu kuliko kanisa la kwetu, na wageni wake wote ungeweza kuwajaza ndani ya Probox moja. Nyuma yao tuko sisi: kapteni, fundi wa mitambo, mpishi, mabaharia wa kamba na nanga, na wahudumu wa ndani. Mimi nilikuwa wa ndani. Kutandika vitanda, kupiga pasi, kupanga meza, kumwaga vinywaji, na kuonekana kama sipo.

Nitawaambia kitu ambacho hamkutarajia. Wiki yangu ya kwanza nusura nifukuzwe kwa sababu ya jiki.

Mnaijua jiki, ile dawa kali ya kung'arisha nguo. Hapa Kitale, katika hoteli nilikosafisha vyumba, jiki ilikuwa dawa ya kila ugonjwa. Shuka lina doa, jiki. Choo kinanuka, jiki. Basi mgeni mmoja akamwaga divai nyekundu kwenye sitaha, ile sakafu ya nje ya yoti, ambayo ni mbao tupu za msaji, hazina rangi wala vanishi. Nikaona hapa ndipo nitaonyesha kazi. Nikachukua jiki, nikamimina, nikaenda kutafuta tambara. Niliporudi, divai ilikuwa imetoka. Rangi ya mbao pia ilikuwa imetoka. Palibaki alama nyeupe kama mtu aliyelala kifudifudi.

Mkubwa wangu alikuwa Luz, mama mmoja Mfilipino, mfupi, mwenye sauti ndogo. Akaja, akasimama, akaangalia ile alama, akaniangalia mimi.

"Umefanya nini?"

"Nimesafisha."

"Nasimiyu," akasema taratibu, "hii si sakafu ya choo."

Mabaharia wawili walipiga magoti siku nzima wakiisugua ile mbao kwa msasa, na kila nilipopita na sahani walinyamaza. Luz hakunipigia kelele. Alinipa kitambaa, akaniambia nitembee yoti nzima, nishike kila kitu, halafu nimweleze kila kimoja kinasafishwa na nini. Nisipojua niseme sijui. Nilisema sijui mpaka ulimi ukachoka. Kwa hiyo shikeni hilo: ukifika mahali papya, mikono iwe mifukoni kwanza. Uliza. Mtu haaibiki kwa kuuliza kama anavyoaibika kwa alama nyeupe ambayo kapteni anairuka kila asubuhi.

Lakini nimeruka mbele. Nirudi Kitale.

Nilikuwa nimeshapita thelathini. Nilikuwa nimeuza mbegu na mbolea dukani, nikachoka. Nikafundisha chekechea Naitiri, nikachoka. Baba yake Nelima alienda Nairobi kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine. Mtoto akawa analelewa na mama yangu shambani, huko juu ya Kimilili unapoanza kupanda mlima, nami nikawa natandika vitanda vya hoteli Kitale. Si kwamba kazi ilikuwa mbaya. Ni mimi. Nilikuwa nikitandika kitanda cha mgeni anayetoka Kampala anaelekea Kisumu, naona wivu hadi kwa begi lake.

Siku zangu za mapumziko nilikuwa naenda Bungoma kwa Bi Rukia. Bi Rukia alikuwa mjane, mzaliwa wa Lamu, aliyeletwa Bungoma na ndoa akabaki. Alikuwa na mkahawa karibu na msikiti, mahamri na mbaazi asubuhi, pilau mchana. Marehemu mumewe aliwahi kuwa mhudumu kwenye meli za abiria, na yeye mwenyewe alijua kupanga meza kuliko meneja wetu. Nilianza kama mteja. Nikawa namsaidia kuosha vyombo kwa kuwa kukaa tu sikuweza. Siku moja akaniambia mpwa wake Athmani, anayetunza mashua za wazungu Mtwapa, amesikia yoti moja inatafuta mwanamke wa kazi za ndani. Inaelekea Ushelisheli.

"Wataka kwenda?" akauliza.

"Nataka."

"Hata hujauliza ni wapi."

"Ni wapi?"

"Mbali. Na wataka mtu ajuaye kuogelea. Wewe wajua?"

Nikacheka. Mimi Mbukusu wa mlimani. Maji mengi niliyokuwa nimewahi kuingia ni ya karai.

Basi Bi Rukia akaja Kitale. Meneja alituruhusu kutumia bwawa la hoteli asubuhi kabla wageni hawajaamka. Nyinyi mnaijua baridi ya Kitale ya asubuhi. Yale maji yalikuwa yanauma meno kama umeyanywa. Mimi ndani, nimevaa kaptura ya michezo na fulana, nimeshika ukingo kama mwizi aliyeshika ukuta. Bi Rukia juu, na buibui lake na mwavuli, anaamrisha.

"Wacha ukuta!"

"Bi Rukia, nitakufa!"

"Hufi. Maji yamekufika kifuani. Wacha ukuta, ulale. Lala kama uko kitandani kwako!"

"Kitanda changu hakina maji, bana!"

Mzee wa bustani aliacha kupalilia maua, akaegemea jembe kutazama sinema. Nilizama, nikanywa maji, nikakohoa, nikatoka nikatangaza kwamba nimeacha. Bi Rukia akanifunika taulo, akanipa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akasema, "Haya. Umepumzika. Rudi." Tulifanya hivyo majuma mengi. Siku niliyoelea, masikio ndani ya maji, macho kwenye mawingu, sikumsikia tena. Niliposimama nikamkuta analia. Alidai ni baridi.

Mama yangu ndiye hakulia. Nilipanda kwenda kumuaga, akawa anapukuchua mahindi.

"Ati unaenda kuosha sahani kwa maji ya chumvi," akasema.

"Ni kazi nzuri, mama. Nitatuma pesa ya shule."

"Pesa sawa. Lakini huyu mtoto akiamka usiku akiuliza mama, nimwonyeshe hiyo pesa?"

Nelima alikuwa mdogo, wa darasa la pili. Alinishika sketi, akauliza nitarudi lini. Nikasema karibuni. Nikashuka ile njia haraka, maana nilijijua: nikisimama, sitaondoka.

Sasa maisha ya yoti. Mkiona picha mnaona jua na glasi. Hamuoni chumba cha wahudumu, chini kabisa puani mwa boti, vitanda viwili vya juu na chini, vyembamba kiasi kwamba ukitaka kugeuka lazima uketi kwanza. Luz alilala chini, mimi juu. Viatu havivaliwi. Unaviacha kwenye kikapu mlangoni, unatembea peku, kwa hiyo kata kucha na usiwe na nyufa kwenye visigino. Mlango wa kioo usiushike kwa vidole, usukume kwa kifundo cha mkono. Kona zote zinasafishwa kwa vijiti vya pamba vya masikio, na ndiyo, mkubwa atakuja kupitisha kijiti chake baada yako. Bahari ikichafuka, tandaza kitambaa chenye unyevu chini ya sahani, hazitateleza. Na wewe mwenyewe ukichafukwa na moyo, usijifungie chumbani. Toka nje, angalia pale bahari inapokutana na mbingu, tafuna tangawizi na biskuti kavu. Mimi nilitapika kutoka Mombasa mpaka tulipoona visiwa, na katikati ya kutapika nilikuwa napiga pasi foronya. Luz aliniwekea ndoo upande mmoja na pasi upande mwingine, akasema nisije nikakosea.

Na niliipenda. Nisiwadanganye. Kila asubuhi dirisha lilikuwa na kitu kingine: kisiwa, bandari, mlima ambao siujui. Siafu za miguuni zilitulia, kwa sababu sakafu yenyewe ilikuwa inatembea kwa niaba yangu. Niliporudi likizo nilileta zawadi, nikakaa wiki mbili tatu, na kabla ya kufungua begi lote nilikuwa nimeanza kulipanga tena. Nelima aliliona hilo. Alikuwa akilitazama begi, hanitazami mimi.

Halafu ukaja ule mwisho wa mwaka wa uchaguzi, kura zilipogeuka vita.

Tulikuwa Ushelisheli, tumetia nanga kwenye visiwa vya mbali, wageni wamejaa, maana sikukuu ndiyo msimu wenyewe. Asubuhi moja niliingia chumba cha kulia cha wafanyakazi kuchukua ndimu, televisheni imewashwa, nikaona moshi. Nikaona barabara ina mawe. Halafu nikaona jina la nchi yangu. Mpishi akapunguza sauti, kana kwamba ningesikia kidogo ingeuma kidogo.

Nikampigia mama. Yule dada wa kwenye simu akaniambia mteja hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Juu kengele ikalia: mgeni anataka barafu. Nikapeleka barafu. Nikatabasamu. Nikashuka nikapiga. Hapatikani.

Niliuliza kama naweza kushuka. Kapteni alikuwa mtu mwema, alikunja uso akafikiri kwelikweli, lakini kisiwa tulichokuwapo hakikuwa na ndege wala meli, na wageni walikuwa na wiki nzima mbele. "Tukirudi bandarini utakuwa wa kwanza kushuka," akasema. Basi ndivyo ilivyokuwa. Nyumbani kunawaka, nami nakata ndimu vipande vyembamba vinavyolingana. Nilitembea ile yoti kutoka mbele hadi nyuma, nyuma hadi mbele. Nilipiga pasi kitambaa kimoja cha meza mara nyingi mpaka Luz akaninyang'anya pasi.

Akanipeleka kwenye chumba cha usukani, akaniwekea mkononi simu ya setilaiti. Ilikuwa ya kapteni na ya wageni tu.

"Nimemwomba," akasema. "Mama hapatikani. Nani mwingine?"

Luz pia alikuwa ameacha watoto kwa mama yake. Hakuwahi kulisema sana. Alinigeuzia mgongo akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi.

Nikapiga Bungoma. Simu ikaita muda mrefu.

"Nani?"

"Bi Rukia, ni mimi. Nasimiyu. Uko salama?"

"Mie nipo. Maduka yamefungwa, kadi za simu hakuna mjini, nashukuru wewe ndiwe uliyepiga. Mamako je?"

"Simpati. Nelima pia. Watu wanasema nini kuhusu huko juu?"

Nikamsikia akifunga mlango.

"Wasema watu wameshuka mlima wakikimbia," akasema. "Wengi. Nyumba zingine zimechomwa. Wako Kimilili, kanisani. Sijui ni akina nani."

Nikasikia tu upepo wa hiyo simu.

"Nasimiyu. Unanisikia? Usilie, wapoteza hewa ya simu ya watu. Nipe siku. Wala usinipigiepigie ukanimalizia chaji."

Alichofanya nilikuja kuelezwa baadaye na mama, naye alisimuliwa na Bi Rukia mwenyewe. Magari hayakuwa yanapita. Lakini kulikuwa na dereva wa trakta ya miwa aliyekunywa chai kwa Bi Rukia kila siku ya Mungu. Bi Rukia alimwendea nyumbani kwake, akamwambia awashe trakta. Dereva akasema mama, barabara imefungwa. Akamwambia nimesikia, washa. Akapanda na ndoo ya mahamri, akaketi juu ya bawa la gurudumu, buibui limefungwa kiunoni, wakashika njia ya Kimilili.

Penye mawe, vijana wakawasimamisha wakiwa na mapanga.

"Unaenda wapi, mathe?"

"Naenda kumchukua mjukuu wangu."

"Mjukuu gani? Ni wa kina nani?"

"Ni wangu. Nyinyi mmekula tangu asubuhi?"

Wakaangaliana. Akafunua ndoo. Mama husema dereva alikuwa anatetemeka hadi trakta ikawa inatetemeka zaidi ya kawaida yake, lakini wale vijana wakala, wakasogeza mawe, mmoja akamrudishia kifuniko cha ndoo akasema asante. Njia yote ilikuwa hivyo, na alipofika Kimilili ndoo ilikuwa tupu.

Aliwakuta kwenye uwanja wa kanisa. Mama yangu alikuwa ameketi juu ya gunia, hana kiatu kimoja. Nelima alikuwa amevaa sare mbili za shule, moja juu ya nyingine, kwa sababu nyanya yake, kukhu wake kwa Kibukusu, alimwambia avae kile asichotaka kiungue. Nyumba ilikuwa imeisha, na ghala la mahindi. Akawapandisha kwenye trakta, wakarudi naye Bungoma.

Siku ya pili nilipiga. Bi Rukia hakunisalimu. Alisema tu, "Zungumza na mtoto wako." Nikasikia pumzi.

"Nelima? Nelima, ni mama."

Halafu sauti ndogo: "Ulisema karibuni." Akarudisha simu.

Nilishuka chumbani, nikapanda kitanda changu, nikauma foronya niliyoipiga pasi mwenyewe. Kisha kengele ikalia, nikaenda.

Nilipofika Bungoma walikuwa wanaishi chumba cha nyuma ya mkahawa. Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Nelima alikuwa anaosha vikombe. Aliniamkia vizuri, kama unavyomwamkia mgeni wa nyanya yako, akaendelea kuosha. Nikakaa nao miezi kadhaa. Tulijenga upya, si huko juu, mama hakutaka tena. Tulipata kiploti Kiminini, karibu na barabara. Nilipanga mawe ya msingi kwa mikono hii. Na kila jioni kazi ikiisha, miguu ilikuwa inaniwasha. Nilikuwa napanga vyombo vilivyopangwa. Naenda barabarani, narudi.

Kapteni alituma ujumbe: msimu wa kiangazi huko Ugiriki unaanza, nafasi yangu ipo. Nilijua nitakubali kabla ya kumaliza kusoma. Wengine watawaambia nilienda kwa sababu ya karo na mabati, na ni kweli. Lakini hata kama mabati yangekuwa yameshafika, ningeenda. Hili nawaambia nyinyi mnaotaka kazi hii. Wengi wenu mnaitaka kwa pesa, na pesa itawapeleka safari moja. Ukienda ya pili, jiulize ni nini kinakusukuma, na umwambie ukweli yule unayemwacha.

Kwa hiyo safari hii sikumwambia Nelima "karibuni". Nilimketisha, nikamwambia, "Ninaenda. Nitarudi shule zikifunga mara ya pili. Nitapiga simu kila Jumapili."

"Na nisipotaka kuongea?"

"Nitapiga tu."

Nikapiga. Jumapili baada ya Jumapili. Nilikuwa naongea na mama: mahindi yameota, ng'ombe wa jirani ameingia, Bi Rukia amekuja na mbaazi. Nauliza Nelima yuko wapi. Yuko hapa, mama anasema, amekataa. Nikawa namsikia nyuma akikokota kiti.

Luz alikuwa ananiuliza kwa macho, nami natikisa kichwa, tunaendelea na kazi.

Jumapili moja tulikuwa tumetia nanga kwenye kisiwa kidogo cha Ugiriki, chenye nyumba nyeupe zilizopandana. Wageni walikuwa wamekwenda ufukweni. Nikapiga, nikangoja sauti ya mama. Haikuwa mama.

"Hello," akasema Nelima.

Nilikuwa nimesimama na trei. Nikaiweka chini polepole, nisije nikamtisha.

"Hello, Nelima."

Kuku akalia huko Kiminini, nikamsikia wazi.

"Huko ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi. Saa kumi jioni."

"Hata hapa ni saa kumi."

"Kweli?"

"Eeh. Kukhu anaweka chai." Kiti kikakokotwa, lakini safari hii kilikuwa kinakuja karibu. "Si na wewe ukunywe, mama. Tukunywe sasa hivi."